Ajali ikitokea njiani: chofere asikimbie, koperative isimwache peke yake

Ndugu wanamemba, gazeti letu limezoea kuwaletea mambo ya mbegu, ya mnyauko wa ndizi na ya kukausha kakao. Safari hii tunapanda ndani ya kamio. Msishangae. Kahawa inayochumwa Kyondo na Lubero, kakao inayovunjwa Mutwanga na Mangina, viazi vya Masereka, maharagwe, mchele, ndizi: yote hayo yanapita barabarani kabla ya kugeuka makuta. Na juu ya magunia wanakaa watu wetu: mama anayekwenda sokoni, kijana wa kupakia, memba anayelinda mizigo ya wenzake. Kazi ya msimu mzima, pamoja na uhai wa watu, tunaiweka mikononi mwa chofere mmoja.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, linasema kwamba ajali za barabarani zinaua watu karibu milioni 1.19 kila mwaka. Kati ya vifo 100, 92 vinatokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Na kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, hakuna kinachoua wengi kuliko barabara. Hao ndio watoto tunaowatuma shuleni kwa miguu kando ya njia, na ndio vijana wetu wa moto.

Njia zetu tunazijua. Butembo iko juu, zaidi ya mita 1,700. Beni iko chini, karibu mita 1,100. Kati yao kuna kilomita 54 na mteremko wa Kabasha, ambapo kamio yenye mzigo mzito inachemsha freni. Kutoka Beni mpaka Kasindi ni kilomita 80. Kazi za kutengeneza njia hizo mbili zilizinduliwa mwezi wa 6 mwaka 2021, kwa mapatano ya Kongo na Uganda. Njia nzuri ni baraka kwa mkulima, lakini pale ambapo matope yalimlazimisha chofere kwenda pole pole, lami inamwita akimbize. Tuongeze kwamba kamio nyingi za kwetu zina usukani upande wa kuume, nasi tunaendesha kuume: chofere akitaka kupita mwenzake haoni vizuri kinachokuja mbele.

Kuzuia ajali ni jambo kubwa, nasi tutalirudia siku nyingine. Leo tunauliza swali moja tu: ajali ikiisha kutokea, chofere afanye nini? Na sisi wenye mizigo, tufanye nini?

Kwa nini chofere anakimbia

Katika mikutano yetu na makoperative, tukigusa jambo hili, jibu la kwanza linatoka haraka: "Chofere akigonga mtu, anakimbia." Watu wanalisema kama vile ni tabia ya machofere wote. Lakini tukiwakalisha machofere wenyewe na kuwauliza pole pole, wanataja woga wa aina tatu. Wanaogopa watu wenye hasira watakaowapiga mawe au kuchoma kamio. Wanaogopa kifungo. Na wanaogopa mwenye kamio, au komite, watakaosema: "Mzigo ulipie wewe."

Woga huo si wa mchezo. Lakini mtu akikimbia, majeruhi anabaki akitoka damu bila msaada. Dakika zile za kwanza ndizo zinazoamua kama atapona. Na kwa chofere mwenyewe, kukimbia kunaongeza kosa juu ya kosa. Sheria namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ambayo ndiyo sheria yetu ya barabarani, inamtaka mtu aliye ndani ya ajali asimame. Sheria ya makosa ya jinai ya Kongo nayo inasema kwamba aliyesababisha kifo bila kukusudia anaweza kufungwa kuanzia miezi mitatu hadi miaka miwili. Ni adhabu nzito, lakini si mwisho wa maisha. Aliyebaki, akasaidia, akaeleza ukweli, anasimama mbele ya hakimu akiwa na neno la kusema. Aliyekimbia hana.

Kwa hiyo tukitaka chofere abaki, tumpunguzie ule woga wa aina tatu. Hiyo ni kazi yake, na ni kazi ya koperative pia. Tuanze na yake.

1. Simama, zima, onya

Simamisha kamio. Zima moteri, toa ufunguo. Kama kamio imesimama kwenye mteremko, konvoyeri aweke mawe au vigingi chini ya matairi kabla ya lolote lingine. Kamio inayorudi nyuma inaua watu waliokuja kusaidia.

Kisha onyeni wanaokuja. Weka pembetatu ya kuonya hatua 50 au zaidi nyuma ya kamio, na nyingine mbele kama njia ni nyembamba. Kwenye kona, iweke kabla ya kona, si baada yake. Hauna pembetatu? Tumia matawi, kama tunavyozoea, lakini weka pia mtu mwenye kitambaa cha rangi kali, na usiku mwenye tochi. Matawi hayaonekani gizani. Na kazi ikiisha, ondoeni matawi na mawe yote njiani. Jiwe lililosahauliwa barabarani linaangusha moto ya usiku.

Hakuna kuvuta sigara wala kuwasha kiberiti. Mazutu na esansi vinaweza kuwa vimemwagika bila kuonekana.

2. Watu kwanza, magunia baadaye

Hesabu watu. Chofere na konvoyeri wajue wamepakia watu wangapi, ili asibaki mtu chini ya magunia au ndani ya bonde. Anayelia kwa sauti ana nguvu ya kupumua. Mwangalie kwanza yule aliyenyamaza.

Damu inayotoka kwa nguvu inasimamishwa kwa kubana. Chukua kitambaa safi, kiweke juu ya kidonda, bana kwa nguvu na usiachilie. Kitambaa kikijaa damu, ongeza kingine juu yake, usitoe cha kwanza. Usipake majivu, udongo wala mazutu.

Mkono usiguse damu ukiwa wazi. Kwetu Beni na Butembo hili hatufundishwi na vitabu. Ugonjwa wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 ulishika watu 3,470 na kuua 2,287, wengi wao katika Kivu ya Kaskazini. Na hata pasipo Ebola, kuna magonjwa mengine ya damu. Vaa glovu. Zikikosekana, ingiza mkono ndani ya mfuko wa plastiki usiotoboka. Kisha nawa kwa maji na sabuni.

Mtu aliyezimia lakini anapumua, mlaze ubavu ili matapishi yasimzibe koo. Lakini kama unaona ameumia shingo au mgongo, usimvute, usimkalishe, usimkunje. Mwache pale pale, kichwa kishikwe kisitikisike, mpaka mpate kitu cha kumbebea. Tunamwondoa bila kungoja kama kuna moto, maji, au hatari nyingine inayokuja.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni kumkalisha majeruhi juu ya moto, katikati ya watu wawili, ili afike hospitali haraka. Kama uti wa mgongo umeumia, safari hiyo inaweza kumfanya kiwete maisha yote. Wazee wetu walibeba wagonjwa kwa kipoyi toka milimani, na walijua walichofanya. Ubao wa kamio, mlango, au miti miwili na turubai iliyofungwa vizuri, vinamweka mtu akiwa amenyooka. Mbebeni hivyo mpaka kwenye gari lenye nafasi ya kumlaza.

Usimpe majeruhi maji wala chakula, hata akiomba. Huenda akapasuliwa saa ileile, na tumbo lenye kitu ni hatari. Mfunike asipate baridi, na mtu mmoja abaki akiongea naye.

Mpelekeni kwenye kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali kuu ya rufaa kama njia inaruhusu: Beni, Oicha, au Katwa na Kitatumba huko Butembo. Mmoja wenu apige simu mbele ili wanganga wajiandae. Andikeni jina la majeruhi, gari lililombeba, na mahali alikopelekwa. Familia nyingi zimezunguka mji mzima usiku zikitafuta mtu wao kwa sababu hakuna aliyeandika.

3. Mafuta yaliyomwagika si bahati

Tarehe 2 Julai 2010, jioni, lori la mafuta lililotoka Tanzania lilipinduka katika kijiji cha Sange, kwenye tambarare ya Ruzizi, Kivu ya Kusini. Watu walikaribia, wengine wakaanza kuteka mafuta. Wengine walikuwa ndani ya nyumba za karibu wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ukalipuka, ukapita mpaka kwenye nyumba. Zaidi ya watu 230 walikufa. Tarehe 6 Oktoba 2018 jambo kama hilo lilitokea Mbuba, katika Kongo ya Kati, na watu wasiopungua 50 wakafa.

Nasi tuko kwenye njia ya Kasindi, ambapo mafuta yanapita. Lori la mafuta likianguka, chofere na konvoyeri wawe wa kwanza kupiga kelele za kuwafukuza watu, na wanamemba wa kijiji kile wawe wa pili. Shikeni watoto. Kaeni mbali, upande upepo unakotoka. Moteri za moto zizimwe. Bidoni moja ya esansi haitoshi kununua jeneza.

4. Mzigo wa kilimo nao una hatari yake

Hapa tunasema kama wanagronomi. Kamio ikimwaga mzigo, watu wanakuja kuokota. Tuwaeleze kwamba si kila punje ni chakula. Mbegu za mahindi au maharagwe zilizopakwa dawa, zile zenye rangi nyekundu, kijani au buluu, ni sumu. Kuziosha hakuondoi sumu. Kuku wakizila watakufa, na anayekula kuku hao naye anajiweka hatarini. Chofere anayebeba mbegu zilizotibiwa au dawa za viazi aseme kwa sauti: "Hii si ya kula." Dawa iliyomwagika isipelekwe mtoni kwa maji. Ifunikwe kwa udongo mkavu au vumbi la mbao, ikusanywe kwa koleo, iwekwe ndani ya kitu kinachofungwa, na watu wasiishike kwa mikono mitupu.

Kwa kakao na kahawa, saa za kwanza zinaamua bei. Magunia yaliyoguswa na mazutu yatengwe siku ileile, yawekwe alama, yasichanganywe kamwe na mengine. Kakao inavuta harufu: gunia moja lenye mazutu linaweza kuharibu kura nzima, na mnunuzi atakataa yote. Magunia yaliyolowa kwa maji ya mvua tu yafunguliwe na kuanikwa upya bila kungoja: kakao irudi chini ya asilimia 8 ya maji, kahawa ya ganda karibu asilimia 12, mahindi na maharagwe asilimia 13. Yakilala usiku mzima yakiwa yamefungwa na kulowa, ukungu unaingia.

Hesabu magunia mbele ya mashahidi: yaliyo mazima, yaliyopasuka, yaliyopotea. Mwenye kuokota na kurudisha ashukuriwe. Tusimwite kila mtu mwizi. Tukifanya hivyo, wale wa kijiji ndio watakaotulindia mzigo.

5. Kama watu wana hasira, au mahali si salama

Neno hili ni zito, lakini hatuwezi kuliruka. Kuna mahali ambapo watu wakiona mtoto amelala chini hawaulizi maswali. Chofere akiona maisha yake yako hatarini kweli, aende moja kwa moja kwenye kituo cha polisi au kambi ya jeshi iliyo karibu, ajitambulishe, aseme: "Nimepata ajali mahali fulani, kuna majeruhi, tumeni watu." Saa ya kufika kwake iandikwe. Kujisalimisha hivyo si sawa na kukimbia. Anayekimbia anakwenda kujificha na anazima simu.

Vijijini, chifu, mzee wa kijiji au kiongozi wa dini anaweza kutuliza watu kuliko polisi kumi. Konvoyeri amtafute mapema. Na maneno ya kwanza ya chofere yawe ya pole, si ya kujitetea. "Tusaidiane tumwinue mtoto" inapoza mioyo. "Yeye ndiye aliyeingia njiani" inawasha moto.

Tena, wote tunajua kwamba sehemu za njia zetu si za kulala. Kivu ya Kaskazini iliingia katika hali ya kuzingirwa tarehe 6 Mei 2021 kwa sababu ya vita. Kamio ikiharibika jioni mahali penye hatari, mjulishe askari wa kituo cha karibu, ondoeni watu wote, acheni mzigo. Komite isimwamuru konvoyeri alale pale akilinda kahawa. Gunia linalipwa, mtu halipwi.

6. Ukweli uandikwe kabla haujafutika

Majeruhi wakiisha kusaidiwa, kazi ya pili ni ukweli. Kama kuna mtu aliyeumia au kufa, magari yasisogezwe mpaka polisi wafike, isipokuwa yanaleta hatari nyingine. Ikibidi kuyasogeza, weka kwanza alama za matairi kwa chaki au mawe, na piga picha.

Picha ziwe nyingi: kamio yote kutoka mbali, namba za plaki, alama za freni barabarani, shimo au kona, mahali vitu vilipoangukia. Usipige picha za uso wa marehemu, wala usizitume WhatsApp. Mama asijue kifo cha mwanawe kwa simu ya jirani.

Andika kwenye daftari: siku, saa, mahali, hali ya hewa, jina na namba ya simu ya chofere mwingine, perimi yake, karte roze ya gari, karatasi ya asiransi. Andika mashahidi wawili au watatu ambao si wa kamio yako. Chora mchoro mdogo: njia, magari, upande kila mmoja alikotoka.

Polisi wa barabarani, wale wa PCR, au ofisa mwingine wa polisi, wataandika maelezo yao. Chofere aseme alichoona na alichofanya. Asiseme uongo, na asibahatishe. "Sikuona" ni jibu. "Sijui" ni jibu. Kabla ya kutia sahihi, asome. Kama maelezo yako kwa Kifaransa na hayaelewi, aombe asomewe kwa Kiswahili au Kinande. Karatasi tupu haitiwi sahihi hata siku moja. Na aombe namba ya faili, ili koperative iweze kuifuata.

7. Makuta yasitoke barabarani

Tunajua inavyokwenda. Watu wanakusanyika, mmoja anataja bei, mwingine anasema "tumalize hapa hapa". Kwa taa iliyopasuka au baiskeli iliyopinda, mapatano ya papo hapo si mabaya, mradi yaandikwe, na pande zote mbili zitie sahihi mbele ya shahidi. Lakini palipo na damu, hapana. Maumivu ya ndani hayaonekani siku ya kwanza. Mtu aliyesema "niko sawa" anaweza kuanguka kesho yake.

Kumlipia majeruhi matibabu ya kwanza ni utu, na tunawasihi mfanye hivyo. Chukueni risiti ya hospitali, na andikeni kwamba ni msaada wa haraka wakati mnangoja uchunguzi. Kwenda kilioni, kupeleka chakula, kuketi na familia: hayo ni desturi yetu na yanaponya mengi. Lakini mfahamu kwamba mapatano na familia peke yake hayafuti faili lililoko kwa mwendesha mashtaka. Msidanganywe na mtu anayewaahidi hivyo kwa makuta.

Sehemu ya koperative

Sasa turudi kwetu. Wengine wanasema: "Ajali ni ya chofere." Sheria haisemi hivyo. Kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia ya Kongo, cha tarehe 30 Julai 1888, katika kifungu cha 260, kinasema kwamba mwenye kumtuma mtu kazini anajibu kwa hasara ambayo mtu huyo anaileta akiwa katika kazi ile. Kama kamio ni ya koperative na chofere ni wa koperative, ajali ni ya koperative. Deni la ajali moja linaweza kumeza akiba ya wanamemba wote. Kwa hiyo mambo yafuatayo yaletwe kwenye mkutano mkuu, yajadiliwe, yaandikwe.

Kwanza, asiransi. Tangu amri-sheria namba 73/013 ya tarehe 5 Januari 1973, kila gari linalazimika kuwa na asiransi ya kulipa hasara ya watu wengine. Zamani ilikuwa SONAS peke yake. Sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua soko, na sasa yako makampuni mengine yenye ruhusa ya ARCA, ofisi ya serikali inayoyasimamia. Kabla ya kulipa, ulizeni ruhusa hiyo. Someni mkataba: asiransi hii ya lazima inalipa watu waliodhurika na gari lenu, hailipi kakao yenu. Mzigo unahitaji mkataba wake. Angalieni pia mnapewa siku ngapi za kutoa habari ya ajali. Msingoje siku ya mwisho, pelekeni barua siku ileile au kesho yake, na mtunze nakala yenye muhuri. Kamio inayovuka Mpondwe kuingia Uganda ichukue pia kadi ya njano ya COMESA. Na chofere akumbuke kwamba kule wanaendesha kushoto.

Pili, watu juu ya mizigo. Tunajua siku ya soko gari ni chache. Lakini kamio ya mizigo si basi. Asiransi inaweza kukataa kulipa watu waliopanda pasipo haki, na deni likabaki kwa wanamemba. Komite iseme wazi ni nani anaruhusiwa kupanda, wawe wachache, wakae ndani, na majina yao yabaki kwenye depo kabla ya kamio kuondoka.

Tatu, sanduku la ajali. Tuchukue mfano. Koperative inayosafirisha magunia 3,000 kwa msimu, ikitoza franga 200 kwa kila gunia, inaweka franga 600,000. Si utajiri, lakini inalipa mafuta ya kumfikisha majeruhi hospitali, matibabu ya kwanza, na safari ya memba wa komite kwenda polisi usiku uleule. Makuta hayo yakae kwa mhasibu, na watu wawili wawe na ruhusa ya kuyatoa bila kungoja mkutano.

Nne, ahadi kwa chofere. Iandikwe kwenye mkataba wake wa kazi: akisimama, akisaidia watu, akatoa habari na kusema ukweli, koperative itamtumia mtu wa kusimama naye, itamtafutia mwanasheria, na haitamkata mshahara kwa ajili ya mzigo kabla uchunguzi haujaisha. Akiwa amelewa, au akikimbia na kujificha, ahadi hiyo haipo. Mkataba wa namna hiyo ndio unaopunguza woga ule wa kumfanya akimbie.

Tano, komite isimsukume. Chofere aliyeamriwa "fika Kasindi leo leo" baada ya usiku bila usingizi anaanza ajali kabla ya kuwasha moteri. Kama komite ndiyo iliyotoa amri ile, nayo ina sehemu yake.

Ubandike hii depo na ndani ya kamio

Kabla ya safari: freni, matairi, taa. Perimi, karte roze, asiransi. Pembetatu mbili, vigingi, glovu, vitambaa safi, tochi, daftari na kalamu, turubai, koleo. Orodha ya watu na ya magunia imebaki depo. Namba za simu za komite, polisi na hospitali zimeandikwa kwenye karatasi, maana simu inaweza kuvunjika.

Ajali ikitokea:
1. Simama, zima moteri, zuia matairi, weka alama za kuonya.
2. Hesabu watu. Bana damu. Usimkunje aliyeumia mgongo. Usimpe maji.
3. Fukuza watu kwenye mafuta na kwenye dawa.
4. Piga simu: hospitali, polisi, komite.
5. Piga picha, andika, tafuta mashahidi.
6. Soma kabla ya kutia sahihi. Palipo na damu, usimalizie barabarani.
7. Kama unahatarishwa, nenda polisi au kwa jeshi, si mafichoni.

Ndugu wanamemba, kwenye mkutano wenu unaokuja, msimwachie katibu peke yake asome ukurasa huu. Mwiteni chofere na konvoyeri wakae mbele pamoja na komite. Wape nafasi waseme wanaogopa nini wakiwa njiani. Kisha mjaribu kwa mikono: mmoja alale chini kama majeruhi, wengine wamfungie kipoyi kwa turubai na miti miwili, wambebe kuzunguka depo. Kazi hiyo haizidi nusu saa, na wenye kamio ya kukodi wanaweza kuifanya pamoja na mwenye gari.